Tangi la galoni 20 lina nafasi gani kwa jebili wawili

Galoni ni kipimo cha maji. Ukikuta "tangi la galoni 20" kwenye bei za duka la wanyama wa nyumbani huko Marekani, namba hiyo inakwambia jambo moja tu: maji yangeingia kiasi gani kama tangi lingejazwa hadi ukingoni. Kwa anayefuga samaki hilo ndilo jambo kubwa. Kwa anayefuga jebili, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ni namba ya pembeni, maana jebili anaishi juu ya sakafu na chini ya matandazo, yaani maranda, karatasi au nyasi zinazojazwa ndani ili achimbe. Ukubwa wa tangi lake una vipimo viwili: eneo la sakafu, yaani urefu mara upana, na kina, yaani ni sentimita ngapi za matandazo zinaweza kuingia na bado pakabaki nafasi ya kukimbia juu yake.

Jebili anayeuzwa madukani ni yule wa Mongolia, Meriones unguiculatus, anayetoka nyika kavu za Mongolia na kaskazini mwa China. Mwili wake una sm 10 hadi 13, mkia wenye manyoya unakaribia urefu huohuo, na mkubwa ana uzito wa gramu 60 hadi 100 na ushei. Aliingizwa Marekani mwaka 1954 kwa ajili ya maabara, halafu akahamia majumbani. Nyika za Afrika Mashariki zina jamaa zake wa jenasi ya Gerbilliscus, lakini hao ni wa porini na viroboto wao; waache huko huko. Na ukiwa California au Hawaii usihangaike na hesabu inayofuata, sheria za huko haziruhusu kumfuga jebili.

Sasa chukua futi kamba. Galoni 20 huuzwa kwa maumbo mawili. La kwanza ni refu na limelala: sm 76 kwa 31, kimo 31. La pili limesimama: sm 61 kwa 31, kimo 41. Maji yanayoingia ni karibu yaleyale, lakini sakafu ya lile refu ni sm za mraba 2,350 hivi, na ya lililosimama ni 1,890, pungufu kwa moja ya tano. Ungedhani lile refu limeshinda. Lijaze matandazo ya sm 20 uone: juu panabaki sm 11, na jebili akisimama kwa miguu ya nyuma, kama anavyopenda, kichwa kinagonga kifuniko. Lililosimama linabakiza sm 21. Moja lina sakafu bila kina, jingine lina kina bila sakafu, na yote mawili yanaitwa galoni 20.

Galoni 29 inaondoa utata huo kwa pesa chache za ziada. Sakafu yake ni ileile ya sm 76 kwa 31, ila kimo kinafika sm 46. Matandazo ya sm 25 yanaingia na juu panabaki sm 21. Hilo ndilo dogo kuliko yote ambalo inafaa kuliita tangi la jebili wawili.

Ushauri wa zamani, ambao bado unasikika kwa wauzaji, ulikuwa galoni 5 kwa kila mnyama, kwa hiyo galoni 10 kwa jozi. Tangi la galoni 10 lina sm 51 kwa 25. Weka karatasi mbili za A4 mezani, ubavu kwa ubavu: hiyo ndiyo sakafu yote. Ondoa sehemu ya bakuli la mchanga wa kuogea na kibanda cha kulala, na wanyama wawili wanaobaki hapo wanazunguka kwenye karatasi moja. Tangi kama hilo lina kazi zake, kama kumtenga mgonjwa, kusafiria, au kuunganisha wageni (tutalirudia), ila si nyumba.

Hesabu ya karatasi za A4 inasaidia pia unapopanda juu. Tangi la galoni 40 lile la umbo pana, sm 91 kwa 46 na kimo 41, lina sakafu ya karatasi karibu saba. Galoni 55 ni sm 122 kwa 33, kimo 53: karatasi sita na nusu. Ndiyo, galoni 55 ina sakafu ndogo kuliko ya galoni 40. Limeongezewa urefu na kimo, likakatwa upana. Ujerumani, ambako galoni hazitajwi kabisa, kipimo kinachopendekezwa sana kwa jozi ni sm 100 kwa 50 kwa 50, na hizo ni karatasi nane. Ukiwa na nafasi na uwezo, lenga hapo.

Walioko Uingereza wana mtego mwingine. Galoni ya huko ni lita 4.55, ya Marekani ni lita 3.79. "Galoni 20" kwenye maelezo ya Mmarekani ni lita 76. Mwenye kuhesabu kwa galoni ya Uingereza atatafuta tangi la lita 91. Matangi ya Uingereza kwa kawaida huuzwa kwa lita au kwa futi za urefu, na "futi 3" inataja urefu tu, upana na kimo vinabadilika kwa kila mtengenezaji. Dawa ni kupima kwa sentimita, na kupima ndani. Kioo cha milimita 6 kila upande na ukingo wa plastiki hupunguza sentimita moja na zaidi kwenye namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Kina ndicho kinachopuuzwa zaidi, na ndicho kinachomtofautisha jebili na panya wengi wa kufugwa. Huyu ni mchimbaji. Huko kwao mashimo ya majira ya baridi huteremka zaidi ya mita moja, yenye njia kadhaa, ghala na chumba cha kulala. Akinyimwa, utamwona kwenye kona ya tangi akikwangua kioo kwa miguu ya mbele, kwa kasi, dakika nyingi bila kupumzika, kila siku kona ileile. Wengi hudhani anacheza au anataka kutoka.

Utafiti wa Christoph Wiedenmayer uliochapishwa mwaka 1997 ulichambua tabia hiyo. Jebili wachanga waliolelewa na mchanga mkavu wa kuchimba waliipata hata hivyo, kwa sababu mchanga mkavu hauwezi kushika njia, kila wakichimba unaporomoka. Waliopewa shimo la bandia, lenye njia ya kupita na chumba, hawakuipata. Anachokitafuta mnyama, basi, ni kuwa na shimo. Kuchimba ni njia tu ya kulipata. Kwa mwenye kuchagua tangi maana yake ni kwamba sentimita 25 za kitu kinachoporomoka ni sawa na hakuna.

Matandazo yanayoshika ni mchanganyiko. Chukua maranda ya mti usio na harufu kali kama aspeni, au matandazo ya karatasi, au ya katani aina ya hemp, sehemu mbili. Ongeza nyasi kavu ndefu sehemu moja. Panga kwa tabaka, na kila baada ya sm 5 au 6 kandamiza kwa viganja vyote viwili. Nyasi hufanya kazi ya vyuma kwenye zege: paa la njia halianguki. Maranda ya mwerezi yaache, na ya msonobari mbichi pia. Mafuta yake yenye harufu huumiza njia ya hewa. Kina cha sm 20 ndicho kianzio, sm 25 hadi 30 ndicho kizuri.

Kiasi cha kununua kinatokana na vipimo vyako: urefu mara upana mara kina, kwa sentimita, gawanya kwa 1,000, upate lita. Tangi la sm 76 kwa 31 lenye kina cha sm 25 linataka lita 59. La sm 100 kwa 50 lenye kina cha sm 30 linataka lita 150. Nunua zaidi kidogo ya namba hiyo, kwa sababu ukikandamiza yanapungua, na wiki ya kwanza yanashuka tena. Usiogope gharama ya kujirudia: jebili hukojoa kidogo sana, na tangi lenye kina halimwagwi lote. Toa theluthi moja hivi, sehemu chafu, kila baada ya wiki sita au nane, uache kiota na harufu yao. Ukimwaga yote kila wiki, kama inavyofanywa kwenye vibanda vidogo, unawabomolea mji kila wiki.

Kisha kuna gurudumu la kukimbilia, ambalo huwaharibia watu mahesabu. Jebili mkubwa anahitaji gurudumu la kipenyo cha sm 28 hivi, la sakafu isiyo na vijiti ili mkia usinaswe. Likiwa na mguu wake, kimo chake kinapita sm 30. Tangi la kimo cha sm 41 lenye matandazo sm 25 limebakiza sm 16. Haliingii. Zipo njia mbili. Moja ni kumwaga matandazo kwa mteremko: sm 30 upande mmoja, sm 8 upande wa pili, na gurudumu likae upande wa chini. Ya pili ni kuongeza ghorofa la waya juu ya tangi, lenye ngazi, chini yote iwe ya kuchimba. Ghorofa hilo lisihesabiwe kama sakafu mbadala. Ni sebule, nyumba ni chini.

Chochote kizito, iwe gurudumu, bakuli la udongo au jiwe, kisikalie matandazo. Kisimamishe juu ya kibao chenye miguu inayogusa kioo cha chini. Jebili atachimba chini yake, hilo halina shaka, na kitu kisichoshikiliwa humshukia mgongoni akiwa ndani ya njia.

Kifuniko ni wavu wa chuma wa matundu madogo kwenye fremu, umeshikwa kwa klipu. Plastiki hutafunwa, na kifuniko cha kioo huzuia hewa. Hewa ndiyo sababu nyingine ya kutopenda tangi jembamba na refu kwenda juu: la galoni 55 lina upana wa sm 33 na kimo cha sm 53, na huko chini hewa haizunguki vizuri. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 50 kwa muda mrefu, manyoya ya jebili husimama na kushikana kama yaliyopakwa mafuta. Minneapolis au Stockholm wakati wa baridi hita hukausha chumba na tatizo halionekani. Mombasa au Dar es Salaam, ambako unyevu wa zaidi ya asilimia 70 ni wa kawaida, tangi lenye kina humtaka mwenyewe awe na kiyoyozi. Kinachopandisha unyevu kwa haraka kuliko hali ya hewa ni chupa ya maji inayovuja juu ya matandazo. Ining'inize ambapo tone likidondoka litaangukia kibao, na kila wiki ingiza mkono chini yake uhisi kama pamelowa.

Tangi la mitumba linalovuja halina ubaya wowote hapa, na mara nyingi huuzwa bei ya kutupa. Angalia nyufa, hasa za chini, kwa kupitisha kucha kwenye kioo. Madoa meupe ya chokaa hutoka kwa siki. Uliza uzito kabla ya kupanda nalo ngazi: la galoni 40 pana likiwa tupu ni kilo 26 hivi, na meza ya kompyuta haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Kuhusu idadi, jozi ndiyo salama, wawili wa jinsia moja waliolelewa pamoja. Hapa ndipo ukubwa unapoweza kugeuka kuwa hasara. Watatu na zaidi, hasa majike, wakipewa tangi kubwa sana lenye vibanda vingi na ghorofa, hugawana maeneo, ukoo unavunjika, na wanapigana hadi damu. Dalili huanza mapema: mmoja analala peke yake, mwingine anamfukuza kila akikaribia chakula, au wawili wanasimama wakisukumana kwa vifua. Kuongeza nafasi wakati huo ni kuwasha moto. Punguza: ondoa ghorofa, bakisha kibanda kimoja au usibakishe hata kimoja, wote walale kiota kimoja. Wakishaumana na damu ikatoka, watenganishe moja kwa moja.

Na jebili wageni wawili hawatupwi pamoja kwenye tangi jipya hata liwe kubwa vipi. Gawanya tangi dogo, lile la galoni 10 au 20, katikati kwa wavu usiopitisha pua. Wahamishe kila mmoja upande wa mwenzake mara kadhaa kwa siku, kwa wiki moja au zaidi, mpaka walale wakiegemeana kwenye wavu. Ukiuondoa, wabaki humohumo kwenye tangi dogo na matandazo sm 3 tu, ukiwa na glavu nene karibu. Wakilala pamoja siku kadhaa bila kufukuzana, ongeza matandazo kidogo kidogo. Tangi kubwa huja mwisho, baada ya wiki kadhaa, na siku ya kuhamia beba kiota chao cha zamani uwawekee humo.