Hatua zikihesabiwa, matembezi hugeuka kazi

Katika kazi yangu ya ushauri wa kisaikolojia, lalamiko moja linazidi kujirudia: mtu anakimbia kila alfajiri, anajua kila kilomita imemchukua dakika ngapi, na hana tena hamu ya kukimbia. Mwili wake ni mzima; daktari hakuona tatizo.

Mwaka 2016 mtafiti Jordan Etkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alichapisha majaribio sita yanayogusa jambo hilo. Watu walipaka michoro rangi, wengine walitembea, wengine walisoma. Waliohesabiwa walichofanya walifanya zaidi, lakini walifurahia kidogo kuliko wasiohesabiwa, na baadaye hamu ya kuendelea ikapungua. Namba huvuta macho kwenye matokeo, na jambo likishafanywa kwa ajili ya matokeo, linanuka kazi.

Hata bila namba, kujichungua kunatosha kuharibu. Mwaka 2003 mwanasaikolojia Jonathan Schooler na wenzake waliwapigia watu muziki wa mtunzi Stravinsky. Walioambiwa wajitahidi kufurahi, na walioambiwa wajipime furaha yao muziki ukiendelea, walifurahi kidogo kuliko walioachwa wasikilize tu.

Hapo ndipo wengi hurukia ushauri wa "usifikirie, wewe furahi tu." Sikubaliani nao. Kaa kwenye baraza la bao Unguja: mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza namua, awamu ya kwanza ya mchezo, akiwa na kete 22 mkononi. Watazamaji wanachambua kila kete inayoingia, wanabishana kwamba nyumba, lile shimo maalumu la kila mchezaji, ilichezwa mapema mno, wanamcheka fundi aliyeshindwa kuuona mtaji wa wazi, yaani nafasi ya kula kete za mpinzani. Uchambuzi wote huo unaongeza utamu, kwa kuwa akili imezama kwenye bao lenyewe. Mchezaji akianza kujiuliza "hivi ninafurahia kweli?", ameshatoka mchezoni.

Kwa hiyo anayejiandaa na marathoni, au aliyeagizwa na daktari atembee ili ashushe sukari, abaki na saa yake ya kuhesabu hatua. Ile ni kazi, na kazi hupimwa. Wengine nawaomba wazime ile milio ya kila kilomita, na wakitaka watazame jumla mwisho wa mwezi. Wapo wanaogoma, hasa wanaoshindana hatua na mashemeji zao. Hao siwabishii: wana mchezo mwingine kabisa, na naona unawanogea.