Je, wajua kwa nini laptopu huganda baada ya kupandishwa toleo la Linux?

Maalim mmoja wa mtaa wetu wa Langoni, hapa Lamu, alinijia baada ya alasiri, laptopu kaifunga ndani ya kikoi kama mtoto mgonjwa. "Mwanangu, hichi chombo changu kinaniganda tangu nilipokipandisha toleo la Linux," akaniambia. "Au ndiyo Linux yenyewe imekiharibu?"

Ndani ya laptopu hiyo mna kazi yake ya miaka: tenzi na qasida alizozinakili kutoka madaftari ya wazee, nyingine akazirekodi kwa sauti za wasomaji wenyewe. Niliiwasha mbele yake. Ikafunguka vizuri. Nikabofya faili moja, na hapo ikaganda. Mshale wa kipanya ulikwenda huku na huku, lakini hakuna kilichofunguka, na saa iliyo pembeni mwa kioo ilisimama kwenye 16:52. Nikabofya tena, nikabofya pengine, kimya. Ilipita kama nusu dakika, kisha mabofyo yote yakatekelezwa kwa mkupuo mmoja, madirisha manne yakafunguka pamoja, na saa ikarukia wakati wake.

Ile nusu dakika ndiyo iliyonionyesha pa kuanzia.

Kiini cha Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, huitwa kerneli. Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na kazi yake mpaka leo ni kusimama kati ya programu na vifaa. Programu haiigusi diski kwa mkono wake. Ikitaka kusoma faili huiomba kerneli, kerneli huiagiza diski, na programu hulala ikingoja majibu. Ni kama mama aliyemtuma mtoto Mkunguni akamletee chumvi ilhali chungu kiko motoni: mapishi hayawezi kuendelea, na yeye hawezi kuondoka jikoni, maana mtoto huenda akatokea mlangoni wakati wowote.

Usingizi huo ni mzito kwelikweli. Kwenye orodha ya programu zinazoendelea, programu iliyo katika hali hiyo huwekewa herufi D, na haiuliki hata kwa "kill -9", amri ambayo kwa kawaida haina wa kuikataa. Kwa diski ya kawaida ya SATA (ndiyo njia ya zamani ya kuiunganisha diski na ubao mkuu), kerneli hungoja sekunde 30. Zikipita bila jibu, huukata muunganisho, huuanzisha upya, kisha hurudia ombi lile lile. Laptopu inayoganda kama nusu dakika, ikazinduka, ikaganda tena, mara nyingi inakuonyesha sekunde hizo 30 waziwazi. Na kama programu imelala zaidi ya sekunde 120, kerneli huliandika jambo hilo kwenye shajara yake. Kwa hiyo kuganda huku ni kungoja. Ukishalijua hilo, swali linalobaki ni kwa nini diski haijibu.

Na kwa nini ianze baada ya kupandisha toleo? Jibu langu kwa Maalim nilimpa kwa mfano wa jahazi, kwa kuwa yeye ni mzawa wa Matondoni na mambo ya vyombo ameyaona tangu utotoni. Jahazi likikaa pwani muda mrefu, mbao hukauka na maungio yakaachana. Siku likishushwa majini ndipo linapovuja, na mtu asiyejua atasema bahari imelitoboa. Kupandisha toleo ni kulishusha jahazi majini. Maelfu ya mafaili hufutwa na kuandikwa upya kwa saa moja au mbili, na diski hulazimika kufika sehemu ambazo pengine haijazigusa kwa miaka. Sekta, yaani kipande kidogo cha diski kinachobeba data, iliyokuwa imeoza kimya kimya haikuwa na wa kuiuliza. Sasa ikiangukiwa na faili ambalo mfumo unalihitaji kila unapowaka, kila siku itaulizwa, na kila siku itasumbua.

Diski ngumu ya sahani zinazozunguka ina tabia moja inayozidisha tatizo. Ikikutana na sekta isiyosomeka haikati tamaa upesi. Hurudia kusoma mara nyingi, sekunde baada ya sekunde, ikitumaini kuiokoa data, na muda wote huo maombi mengine yamepanga foleni nyuma yake. Sekta moja yenye baiti 512 au 4096 inatosha kuisimamisha laptopu nzima.

Lakini si kila mara diski ndiyo mgonjwa. Kerneli mpya huenda ikaongea na diski kwa namna tofauti na ile ya zamani, hasa katika mambo ya kubana umeme. Kerneli 4.11 ya mwaka 2017, kwa mfano, ndiyo iliyoanza kuziachia diski za NVMe, zile za kasi zisizo na sahani, zijilaze zenyewe zinapokosa kazi. Betri ikapata nafuu. Ila baadhi ya diski hulala na zisiamke, au huamka zimechelewa, na mwenye laptopu huona kila kitu kimesimama. Huyu diski yake haina ugonjwa, na toleo jipya ndilo linalomsumbua kweli.

Basi unawatofautishaje? Kwa kusoma shajara ya kerneli kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Nasisitiza hili kwa sababu watu wengi wakiona laptopu imeganda hukimbilia kusakinisha mfumo upya, na kusakinisha juu ya diski inayokufa ni kuzika kilichokuwamo. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika "sudo dmesg -T", utaona maneno ya kerneli pamoja na saa zake. Kama ulilazimika kuzima na kuwasha, "journalctl -k -b -1" hukuletea shajara ya uwashaji uliopita. Hapa pana mtego: shajara hiyo huhifadhiwa kwenye diski ile ile iliyogoma, kwa hiyo mistari ya mwisho, ambayo ndiyo unayoitaka, mara nyingi haikuwahi kuandikwa. Njia ninayoitumia ni kuacha "sudo dmesg -w" ikiendelea kwenye dirisha lililo wazi, nikaendelea na kazi mpaka igande, kisha nikapiga picha ya kioo kwa simu.

Kwenye picha ya laptopu ya Maalim mstari wa kwanza ulisema "ata1.00: failed command: READ FPDMA QUEUED". Maana yake ombi la kusoma limeshindikana kwenye diski ya kwanza. Mistari michache chini yake palikuwa na herufi tatu nilizokuwa nikiziogopa: UNC. Hizo ni diski yenyewe ikikiri kwamba imeisoma sehemu hiyo, imejaribu kuisahihisha, na haikupata kitu. Kama badala yake ningeona ICRC, ningejua data imeharibikia njiani, baina ya diski na ubao mkuu, na ningeshuku kebo au miguso. Na kwa diski ya NVMe iliyolala isiamke, maneno yake ya kawaida ni "controller is down; will reset".

Ushahidi wa pili hutoka kwa diski yenyewe. Diski huweka daftari la afya liitwalo SMART, na ukisakinisha smartmontools unaweza kulisoma kwa "sudo smartctl -a /dev/sda". Juu kabisa kuna neno PASSED ambalo limewadanganya wengi. Nimeona diski zimeandikwa PASSED na huku hazisomeki. Shuka chini kwenye jedwali. Namba 5 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na za akiba. Namba 197 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kuzifanya. Namba 198 ni zilizoshindikana kwenye ukaguzi. Ya Maalim ilikuwa na 24 kwenye 197, na kesho yake zikawa 31. Namba inayopanda kwa siku moja hainiachii shaka. Namba 199 huhesabu makosa ya njiani, na kwake ilikuwa sifuri, kwa hiyo kebo haikuwa na kosa.

Namba 199 sisi watu wa pwani tunapaswa kuitazama kwa jicho la pekee. Niliwahi kuletewa laptopu kutoka nyumba inayotazama bahari, madirisha wazi wakati wote wa kusi, na 199 yake ilipita elfu moja. Nilipoifungua, miguso ya diski ilikuwa na ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba inayoletwa na hewa ya chumvi. Niliifuta taratibu kwa spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme, nikairudisha diski, ikasimama imara. Hesabu ile hairudi nyuma hata tatizo likiisha. Iandike leo, itazame tena baada ya siku chache za kazi, na kama haijasogea, umepona.

Kwa tatizo la kubana umeme kuna jaribio jepesi. Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) na ndugu zake hawaifuti kerneli ya zamani mara moja. Wakati wa kuwasha, bonyeza Esc au shikilia Shift mpaka menyu ya GRUB, programu inayoiwasha kerneli, itokee, ingia kwenye "Advanced options" na uchague kerneli iliyotangulia. Ukikaa siku mbili bila kuganda, na SMART haina neno, basi mgogoro uko kwenye kerneli mpya. Kwa NVMe, fungua faili la "/etc/default/grub", ongeza "nvme_core.default_ps_max_latency_us=0" kwenye mstari wa GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, uhifadhi, kisha utoe amri "sudo update-grub" na uwashe upya. Ile sifuri inaikataza diski kulala usingizi wowote utakaoichukua muda kuamka. Betri itaisha mapema kidogo. Kwa SATA, la kuongezwa kwenye mstari ule ule, lipo "libata.force=noncq", linaloifanya diski ipokee ombi moja moja badala ya kupangiwa hadi 32 kwa pamoja.

Pia wapo wanaodhani ni diski kumbe ramu, kumbukumbu ya muda ya laptopu, imejaa. Taa ya diski huwaka bila kupumzika na shajara haina kosa hata moja. "free -h" itakwambia.

Sasa turudi kwa Maalim, maana kwake diski ilikuwa inakufa kweli. Alikuwa na dalili nyingine iliyomsumbua: mara kwa mara alikatazwa kuhifadhi maandishi yake mwenyewe, na kijana mmoja alimshauri abadilishe ruhusa za mafaili. Ruhusa hazikuwa na kosa. Ubuntu imezoea kuagizwa kwamba ikiona kosa kwenye mfumo wa mafaili, iufunge mfumo huo uwe wa kusoma tu, ili uharibifu usienee. Huo ulikuwa ulinzi, na kulazimisha kuandika ni kuubomoa.

Wengi wangeanza na "fsck", amri ya kukagua na kutengeneza mfumo wa mafaili. Mimi nakataa kabisa katika hali hii. Amri hiyo huandika juu ya diski na kuipekuapekua wakati haina nguvu, na ikikosea, hakuna pa kurudi. Kwanza nakala. Niliiwasha laptopu kwa flashi yenye Linux, nikaifungua diski kwa kusoma tu, nikanakili folda ya tenzi kwenye diski ya nje kabla ya kitu kingine, kwa kuwa ilikuwa ndogo na ndiyo roho ya mwenyewe. Ilipokamilika ndipo nilipoanzisha GNU ddrescue kunakili diski nzima hadi faili moja kubwa. Uzuri wa programu hiyo ni kwamba huzoa kwanza penye urahisi, penye ugumu huparuka, kisha hurudi baadaye kuchokonoa. Tena huweka ramani ya ilipofika, kwa hiyo umeme ukikatika usiku wa manane unaendelea pale pale. Ilikesha mpaka alfajiri. Zikabaki kilobaiti chache tu zisizosomeka. Hapo "fsck" niliitumia, lakini juu ya nakala.

Ukilazimika kuzima laptopu iliyoganda, usiishikilie swichi papo hapo. Ipe dakika mbili kwanza, huenda kerneli ikamaliza kungoja. Isipozinduka, shikilia Alt pamoja na Print Screen, kisha bonyeza S, U, B, moja moja, ukipumzika sekunde chache kila mara. S huiagiza kerneli imwage kwenye diski kilichomo kwenye kumbukumbu, U huufunga mfumo wa mafaili uwe wa kusoma tu, B huwasha upya.

Maalim alipokuja kuichukua nilimwekea SSD, diski isiyo na sahani zinazozunguka, na toleo lile lile alilolilaumu. Haikuganda. Nilimfungulia folda tukapitia mafaili moja moja. Maandishi yote yalikuwa mazima. Rekodi moja tu ya qasida ilikuwa na pengo la sekunde tatu, sauti inakatika katikati ya ubeti na kurudi mwanzoni mwa mshororo unaofuata. Aliisikiliza mara mbili, akayasoma kwa kichwa maneno yaliyokosekana, kisha akaniuliza boti ya kwenda Siyu huondoka lini, kwani bibi aliyeisoma bado yuko hai na angependa kumrekodi tena.