Kisahani usichokiagiza kwenye baa ya Japani si wizi

Wageni wengi wanaohamia Japani huamini wameibiwa wanapokuta kwenye bili ya izakaya, yaani baa ya vinywaji na vyakula vidogovidogo, kisahani ambacho hawakukiagiza. Hawajaibiwa. Hiyo ni otoshi: huletwa mara tu unapoketi, na wenyeji pia huilipia, mara nyingi yen 300 hadi 500 kwa kichwa, kama ada ya kiti. Bakshishi haitolewi, kwa hiyo mimi naona ni haki kabisa. Baadhi ya baa hukubali ukiikataa, ila sema kabla hujaigusa.

Wa kuogopwa ni wapiga debe wa barabarani, hasa Kabukicho, Tokyo, wanaoahidi vinywaji vya bei chee. Tafadhali usiwafuate, bili za kutisha hutokea huko.