Masomo ya hisabati ya kidijitali: kuwa bure pekee hakutoshi

Mtoto wa darasa la tano amepewa swali: 1/2 + 1/3. Anajumlisha kiasi kwa kiasi (namba za juu), asili kwa asili (namba za chini), anaandika 2/5. Programu nyingi zitamwekea alama nyekundu na kumwambia ajaribu tena. Atajaribu, na atakosa vilevile, maana hakuna aliyemwonyesha jibu lake lina ubaya gani.

Somo lililofikiriwa vizuri humchorea mistatili miwili yenye urefu sawa, mmoja juu ya mwingine. Wa juu umepakwa rangi nusu, wa chini 2/5. Mtoto anajionea mwenyewe kwamba jibu lake ni dogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo: ameongeza, lakini kimepungua. Hapo ndipo anapokuwa tayari kugawanya kila mstatili vipande sita, apate 3/6 na 2/6, jumla 5/6.

Kuandika swali ni kazi ya dakika chache. Kazi kubwa ni kukusanya majibu yasiyo sahihi ambayo watoto huyatoa kweli, na hayo yamo kwenye madaftari yanayosahihishwa kila jioni. Ndiyo maana nasisitiza mwalimu awepo tangu siku ya kwanza, asiitwe mwishoni kuja kukagua kazi ya waandaa programu.

Zana zenyewe zipo. Markus Hohenwarter alianza kutengeneza GeoGebra, programu ya kuchora na kuchunguza maumbo na grafu, mwaka 2001 huko Salzburg, Austria. Mwaka uliofuata Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, alianzisha PhET, mradi wa majaribio ya sayansi na hisabati kwenye kompyuta, katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Leo PhET ina michezo ya sehemu na namba inayofanya kazi hata bila intaneti. Dar es Salaam, shirika la Ubongo limekuwa likirusha katuni za hisabati kwa Kiswahili kwenye televisheni tangu 2014.

Sasa suala la leseni, ambalo wengi hulipuuza. Chukua somo la saa. Lililoandaliwa Ulaya humfundisha mtoto kwamba mshale mfupi ukielekea 8, hiyo ni saa nane. Mtoto wa Mwanza anajua ni saa mbili. Ukitafsiri maneno ukaacha michoro na maswali yalivyo, umempotosha. Inabidi ulivunje somo ulijenge upya, na kufanya hivyo kunahitaji ruhusa. Leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002, humwezesha mwenye kazi kutamka ruhusa hiyo waziwazi, au kuinyima: baadhi yake hukataza mabadiliko yoyote, na kazi ya namna hiyo, hata kama hailipiwi, haitufai sana.

Tanga imetupa mfano mkubwa. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili zilijaribiwa kwenye vijiji takriban 170 vya mkoa huo, kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa shuleni. Walipewa vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua, wakajifunza kwa miezi 15. Mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School zilitangazwa washindi kwa pamoja, na msimbo wa programu zilizofika fainali ukawekwa wazi, yeyote auchukue na kuuendeleza. Mimi sioni kishikwambi kikichukua nafasi ya mwalimu. Lakini kwa mtoto asiye na mwalimu kabisa, kazi ile ilikuwa na thamani kubwa.

Mwalimu unayetafuta masomo ya namna hii, soma leseni kabla ya kupakua. Angalia ukubwa wa faili, kwa sababu video moja inaweza kumaliza bando la wiki nzima. Programu kama Kolibri hukuwezesha kupakua mara moja mahali penye mtandao, kisha kuwagawia wanafunzi wote shuleni bila intaneti. Lijaribu somo ukiwa umezima data, kwenye simu ya bei ndogo kuliko zote ofisini. Likigoma kufunguka, tafuta jingine.