Kuitwa Mara Mbili Si Kuandamwa

Wiki iliyopita, nje ya uwanja wa Nyamagana, kocha wa timu ya chuo kimoja hapa Mwanza alinisimamisha na kunieleza, kwa upole wa mtu anayejizuia kugomba, kwamba kijana wake ameitwa kutoa mkojo wa kupimwa dawa zilizokatazwa michezoni kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja wa masomo, ilhali zaidi ya nusu ya wenzake hawajaitwa hata mara moja, na kwa hiyo yuko mtu anayemwandama. Hoja hiyo nimeshaisikia mara tano au sita, tena mara nyingine kutoka kwa wahadhiri, na safari hii uvumilivu umeniishia.

Kazi yangu ni ya maabara, na chuo huniita kusimamia uchaguzi wa majina na ukusanyaji wa sampuli. Majina ya wanamichezo 60 huandikwa kwenye karatasi za ukubwa mmoja, zikakunjwa na kutiwa kwenye kopo la plastiki, kisha nahodha mmoja hutoa sita mbele ya wenzake. Tunafanya hivyo mara nne kwa mwaka, na kila mara karatasi zote 60 hurudi koponi, zikiwemo za wale sita wa awamu iliyopita. Ugomvi wote unaanzia hapo.

Sisi tumelelewa kwa zamu. Kuna zamu ya kuosha vyombo na zamu ya kuteka maji. Hata bodaboda wa kijiweni hupakia kwa zamu, na aliyekwisha kupata abiria hungoja mzunguko umfikie. Mtu akiambiwa "bahati nasibu" huelewa kuwa ni zamu ileile, ila tu mpangilio wake umefichwa. Sivyo. Kopo halikumbuki nani alitoka mara ya mwisho, na halipaswi kukumbuka, kwa sababu tukiwaondoa waliokwisha kupimwa, basi baada ya awamu ya kwanza tutakuwa na vijana sita wanaojua kwa hakika kwamba hawataguswa mpaka mwaka uishe.

Hesabu yake ni nyepesi. Katika kila awamu mwanamichezo ana nafasi moja kati ya kumi. Baada ya awamu nne, tutarajie takriban wanamichezo 39 wasiwe wameitwa kabisa, 17 au 18 wawe wameitwa mara moja, na watatu hivi mara mbili. Kijana wa kocha ni mmoja wa hao watatu, basi. Uwezekano wa mwaka kupita bila mtu yeyote kurudiwa ni kama mara moja katika miaka 75, na siku nitakapoona hivyo ndipo nitakapolichunguza kopo.

Lugha nayo imechangia. Tunasema "upimaji wa kushtukiza" tukimaanisha mambo matatu kwa pamoja. Kushtukiza kunahusu lini: mtu haarifiwi mapema. Bahati nasibu inahusu nani: jina halikuchaguliwa na yeyote. La tatu ni upimaji wa tuhuma, ambao ni halali kabisa, lakini una fomu yake, na anayeuomba lazima aandike sababu na kutia sahihi. Zaidi ya kocha mmoja ameniomba "nimpenyeze" fulani miongoni mwa wale sita, eti ili asidhalilike. Nikikubali siku moja tu, kila mwanachuo atakayeitwa baadaye atakuwa na haki ya kuuliza kama jina lake lilitoka koponi au mdomoni mwa mtu.

Kuhusu kugawa sampuli katika chupa mbili, A ya kupimwa na B ya akiba, lakiri ya kuzifunga, na namba badala ya jina, sina la kuongeza. Ninaloweza kuongeza ni kuhusu maji. Binti mmoja wa mbio, mwenyeji wa Ukerewe, aliitwa mara tu baada ya mazoezi, akashindwa kukojoa, akanywa chupa nne za maji kwa haraka. Alipofanikiwa, mkojo ulikuwa mweupe kama maji ya mvua. Refraktometa, kifaa kinachoonyesha mkojo ni mzito kiasi gani ukilinganishwa na maji, ilisoma 1.002, nasi tunataka angalau 1.005; chini ya hapo mkojo ni mwepesi mno kupimwa. Akaketi kwenye benchi na mwangalizi wake wa kike hadi giza likaingia, akilia kwa hasira, na hakuwa ametumia chochote. Kila nikitetea utaratibu huu, namkumbuka yeye, na sauti yangu hupungua.

Nina mashaka mengine. Vijiti vya kupimia mkojo tunavyovimudu hapa hutambua bangi, afyuni na kokeini. Havitambui steroidi za kujenga misuli wala EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, ambazo zinahitaji maabara yenye ithibati ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, na Tanzania haina. Bangi hukaa mkojoni siku kadhaa, na kwa mvutaji wa kila siku hata wiki kadhaa, ilhali dalili za EPO hupotea upesi. Kwa hiyo tunamnasa aliyevuta Jumamosi kwa starehe, huku anayeiba ushindi akipita. Vyuo vya Marekani chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo yao, vilianza kupima mwaka 1986, na mwaka 2024 daraja lao la juu liliiondoa bangi kwenye orodha ya marufuku. WADA wenyewe wanaikataza wakati wa mashindano tu, kwa kiwango kinachozidi nanogramu 150 katika mililita moja ya mkojo, wakati vijiti vingi huanza kuonyesha kwenye 50. Ndiyo maana sikubali mtu asimamishwe kwa kijiti pekee, kabla sampuli haijathibitishwa.

Wala siamini sana kwamba majina sita kati ya 60 yanamtisha mtu aliyekwisha kuamua kutumia. Chuo kinaamini, ndicho kinacholipa.

Kocha nilimweleza yote haya pale getini. Alinisikiliza, akaniuliza kama basi kijana wake angalau ataruka awamu ijayo. Nikamjibu kwamba nafasi yake ni moja kati ya kumi, kama ya kila mtu.