Mbuga ya maua ni nini, na kwa nini haitoshi kuiacha ijiotee

Mtu wa Nairobi akisikia neno "mbuga" siku hizi, anawaza simba na magari ya watalii. Maana ya asili ni pana zaidi: uwanda wazi ulioota nyasi, hasa wenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wataalamu wa udongo wa Afrika Mashariki walilichukua neno hilohilo wakalitumia kuutaja udongo wenyewe, ule unaonata viatuni mvua ikinyesha na kupasuka nyufa jua likikaza. Ukitoka katikati ya jiji kuelekea Embakasi au Athi River, unaukanyaga. Upande wa Karura udongo ni mwekundu, na huko ndiko msitu ulikojikita. Nairobi imejengwa pale msitu na mbuga vinapokutana.

Mbuga ya maua, basi, ni kipande cha nyasi za asili ambamo maua ya porini huota yenyewe, huchanua, hudondosha mbegu na kurudi msimu unaofuata bila kupandwa na mtu. Inaweza kuwa kubwa kama sehemu za Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117, au ndogo kama ukanda wa hatua ishirini kando ya njia ya bustani ya umma. Ni kitu tofauti na bustani ya maua. Jakaranda na bogonvilia zinazolipamba jiji letu zilitoka Amerika Kusini. Nazipenda, lakini hapa hazihesabiki. Yanayohesabika ni kama Leonotis, mmea mrefu wenye mafungu ya maua ya rangi ya chungwa ambayo ndege chozi hawayaachi. Crotalaria ya manjano, ndugu wa ile mitoo tunayoinunua sokoni kama mboga. Commelina ya buluu. Na Gloriosa, ua jekundu lenye ncha za manjano, linaloonekana kama moto unaowaka na lenye kiazi chenye sumu kali.

Wengi wakiona mahali kama hapo wanasema ni kichaka, au ni kiwanja kitupu. Neno "kitupu" ndilo linaloniuma. Nyuki wengi wa porini hawaishi mizingani. Huchimba vishimo vyao ardhini, kwenye udongo ulio wazi kati ya mashina ya nyasi. Kuna vipepeo wanaotaga mayai kwenye mmea wa jamii moja tu. Mmea huo ukiondoka, nao wanatoweka.

Sasa, kwa nini mbuga isiachwe tu ikajiotee? Hapa ndipo watu wenye nia njema hukosea. Chukua Themeda triandra, nyasi inayogeuka rangi ya kutu ikikauka na ambayo imeenea sana katika nyanda hizi. Machipukizi yake yanataka mwanga uyafikie hadi chini kwenye shina. Ikipita miaka bila kuliwa, kuchomwa wala kukatwa, majani makavu hurundikana, nyasi hujisonga yenyewe na kuanza kufa, na maua madogo hutangulia kufa. Kwa karne nyingi kazi ya kuipunguza ilifanywa na nyumbu, pundamilia, ng'ombe wa Wamaasai na moto wa kiangazi. Ndani ya bustani ya jiji hakuna nyumbu, na hakuna atakayekuruhusu kuwasha moto. Anabaki mtu na slasha yake.

Huo ndio utunzaji unaofanywa na watu wa kujitolea, na ugumu wake mkubwa uko kwenye kalenda. Mvua za masika zinanyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Maua huchanua mvua ikiwa imekolea, kisha yanahitaji wiki kadhaa za kukomaza mbegu. Ukifyeka Aprili au Mei kwa sababu nyasi "zimekuwa nyingi", umekata msimu mzima kichwa. Nimeona ukanda wa Crotalaria ukilazwa chini asubuhi moja, ukiwa kwenye kilele cha kuchanua, na waliofanya hivyo waliamini wanasafisha. Wakati mwafaka ni Julai au Agosti, mbegu zikishadondoka, na tena hakukatwi kote kwa mara moja. Theluthi moja mwaka huu, theluthi nyingine mwaka ujao, ili wadudu wawe na pa kuhamia.

Zilizokatwa huachwa siku chache zikauke na kudondosha mbegu zilizosalia, kisha hukusanywa kwa reki na kuondolewa. Hatua hii huchosha na ndiyo inayorukwa zaidi. Majani yakibaki, yanafunika udongo, yanaoza na kuurutubisha, na rutuba nyingi huzipa nguvu nyasi zenye pupa kama ile ya Kikuyu, ambayo ni ya asili ya nyanda zetu za juu lakini ikipata nafasi hufunika kila kitu. Uingereza, iliyopoteza takribani asilimia 97 ya mbuga zake za maua kuanzia miaka ya 1930, wanaojitolea kwenye bustani za mitaa hukata na kukusanya vivyo hivyo mwishoni mwa kiangazi chao. Mbinu tunaweza kuazima. Pakiti zao za mbegu, hapana.

Kazi nyingine ni kung'oa magugu ya kigeni. Lantana hung'olewa na shina lake. Gugu karoti, lenye majani kama ya karoti na vijiua vyeupe, lazima litoke kabla halijachanua, udongo ukiwa bado na unyevu, kwa sababu mche mmoja hutoa maelfu ya mbegu. Vaa glavu na mikono mirefu. Linawasha ngozi vibaya na vumbi lake linasumbua wenye pumu.

Usiingie popote na panga kwa hiari yako tu. Bustani zina wenyewe: kaunti, Huduma ya Misitu, au Huduma ya Wanyamapori. Kwa ardhi ya misitu, sheria ya mwaka 2005 ilifungua mlango wa vyama vya jamii kushiriki utunzaji, na ile ya mwaka 2016 ikaendeleza. Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi iliyoanza 1907, na msitu wa Karura zote zina makundi ya marafiki yaliyozoea kazi za namna hii.

Jambo moja linahitaji kusemwa wazi. Serikali inalenga miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 tulipewa hata siku ya mapumziko ili tupande. Napanda na ninaunga mkono. Ila mche ukitiwa katikati ya nyasi za asili, kivuli chake kitaua kilichokuwapo. Kabla ya kuchimba shimo, msimamizi aulizwe kama hapo paliwahi kuwa na msitu.

Mvua zikianza, pita kwenye uwanda wa udongo mweusi asubuhi uangalie chini. Utaona maua meupe yaliyotawanyika kama karatasi za tishu zilizotupwa. Hiyo ni Cycnium tubulosum. Mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya nyasi na kunyonya sehemu ya riziki yake humo, kwa hiyo ukiing'oa na kuitia chunguni peke yake umeitenga na inachokitegemea. Wanaojitolea huchomeka vijiti kuizunguka, ili wiki za kufyeka zikifika, slasha ipite kando.