Charlie Parker hakuzaliwa akijua saksafoni

Wengi husema Charlie Parker, mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani, alikuwa na kipaji tu, akipuliza chochote kilichomjia. Si kweli. Mwaka 1936, akiwa kijana huko Kansas City, alipotea katikati ya wimbo jukwaani, mpiga ngoma Jo Jones akamtupia sahani ya ngoma miguuni (si kichwani, kama wanavyopenda kusimulia). Kiangazi cha 1937 alikwenda kupiga na bendi kwenye milima ya Ozark, akiwa na sahani za santuri za mpiga saksafoni Lester Young, akazikariri solo za Young. Mwaka 1954 alieleza redioni kuwa kwa miaka mitatu au minne alifanya mazoezi saa 11 hadi 15 kwa siku.

Sikiliza “Ko-Ko”, rekodi ya Parker ya Novemba 1945. Imejengwa juu ya kodi (noti zinazopigwa pamoja, “chords”) za “Cherokee”, wimbo wa mizani 64 (mizani ni kipande kifupi cha mapigo). Sehemu ya kati ndiyo inayowaangusha wapigaji: kutoka ufunguo wa B bemoli (B iliyoshushwa nusu sauti) unarukia B, kisha A, kisha G, kila ufunguo mizani minne tu. Asiyeipitia taratibu kwanza vidole humgongana. Parker anauzunguka wimbo mzima mara mbili, kwa kasi ya kutisha.